Milinganyo ya Maxwell haina sura moja

Mwambie mwanafunzi wa fizikia aandike sheria za umeme na sumaku, ataandika milinganyo minne na kuamini kwamba ndivyo Maxwell alivyoiacha. Sivyo. Katika makala yake ya mwaka 1865, James Clerk Maxwell aliandika milinganyo 20 yenye vigeu 20. Ile minne tunayoikariri ni kazi ya miaka ya 1880 ya Oliver Heaviside, Mwingereza aliyekuwa opereta wa telegrafu na aliyejifunza hisabati mwenyewe. Heinrich Hertz, huko Ujerumani, naye alifika karibu na hapo.

Kazi ya Heaviside naiheshimu sana. Ninachopinga ni kuifundisha kana kwamba ndiyo sheria yenyewe, na sura nyingine zote ni mapambo ya wanahisabati.

Tazama kilichoachwa njiani. Maxwell aliipa nafasi kubwa potenshali ya vekta, yaani kiasi cha kihisabati ambacho uga wa sumaku (nguvu ya sumaku ilivyotandaa kila mahali) hukokotolewa kutokana nacho. Heaviside akaiondoa, akabaki na uga wa umeme na uga wa sumaku. Alikuwa na sababu nzuri. Potenshali unaweza kuibadilisha kwa namna nyingi, na uga usitikisike hata kidogo. Kitu kisichopimika kina kazi gani ndani ya sheria?

Jibu lilikuja na fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo sana, ambamo hata elektroni huenda kama mawimbi. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm walionyesha kwamba elektroni zikipita nje ya koili ndefu (waya uliozungushwa, wenye mkondo wa umeme), mahali ambapo uga wa sumaku ni sifuri lakini potenshali si sifuri, awamu ya mawimbi yake (hatua ambayo kila wimbi limefikia) hubadilika, na michirizi ya mwingiliano, inayotokea mawimbi hayo yanapokutana, husogea. Mwaka 1986 Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walilithibitisha hilo kwa sumaku ndogo ya umbo la pete iliyofunikwa kwa kipitishi kikuu (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani na kuzuia uga wa sumaku), ili uga usivuje nje. Wapo wanaokumbusha kwamba kinachopimwa hapo ni jumla ya potenshali kuzunguka kitanzi kizima, si thamani yake mahali pamoja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hata kuielewa tu, lazima uwe umeshaizoea potenshali, na mwanafunzi wetu hajaizoea.

Sura ya Hermann Minkowski, ya mwaka 1908, inafichua jambo jingine: umeme na sumaku ni vipande vya tensa moja (jedwali la viasi ambalo kila mtazamaji huligawa kwa namna yake) yenye vijenzi sita huru, vitatu vya umeme na vitatu vya sumaku. Anayesonga na aliyesimama huikata tensa hiyo tofauti, basi. Kisha kuna lugha ya fomu za tofauti, hisabati ya viasi vinavyojumlishwa juu ya mistari na nyuso, ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote, kwa sababu milinganyo inabaki miwili na kila mmoja unasema wazi unategemea nini. Ule unaokanusha chaji za sumaku na kubeba sheria ya Faraday (kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme) hauhitaji kipimo chochote cha umbali. Umbali na muda huingia kwenye ule wa pili tu, wenye chaji na mikondo. Katika milinganyo minne ya Heaviside tofauti hiyo haionekani kabisa.

Ningependa kila kozi ya chuo itenge wiki chache kwa swali moja la sumaku inayosogea karibu na koili, lifanywe kwa uga, lirudiwe kwa potenshali, kisha kwa tensa, kabla mwanafunzi hajaambiwa ni sura ipi iliyo rahisi.