Dume Wangu na Ndevu za Mshenga

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kulisambaza jambo hili WhatsApp, akidai kwamba nyumbani kwetu Magomeni mshenga aling'atwa na mdudu wa kichawi, nalazimika kulieleza mwenyewe kabla halijafika Mbagala.

Kwanza, hakuna aliyeng'atwa. Mbawakawa wa maua hana meno ya kumng'ata mtu. Kinywa chake kina vinyweleo vya kurambia utomvu na majimaji ya matunda yaliyoiva. Hawa wangu ni Dicronorhina derbyana, wa kijani kinachong'aa, madume wana pembe kichwani, nami nimewalea tangu wakiwa mabuu wanaokula majani yaliyooza ndani ya ndoo ya mboji. (Mnaoniuliza kila mara kwa nini mabuu wangu hutambaa kichalichali: ndivyo walivyoumbwa, si ugonjwa.)

Siku ya posa ya dada yangu, shangazi alilisogeza beseni langu la mbawakawa dirishani apate nafasi ya viti, kisha akauchukua mpira uliobana chandarua juu yake akafungie mfuko wa sukari. Jua la saa tano likaingia. Mnaowafuga mnajua jua hilo linavyowaamsha.

Mshenga, mzee wa kanzu nyeupe na ndevu zilizotiwa hina, alikuwa ametoka kula embe na kidevu hakijakauka. Dume wangu mkubwa alikuwa ametua kwenye ukingo wa dirisha nyuma yake, na baba mdogo aliyemwona alidhani amepumzika kwa vile mifuniko ya mbawa ilikuwa imefungwa. Hakujua kwamba jamii hii huruka bila kuifungua, mbawa zikichomoza ubavuni. Mzee akakohoa, akasema, "Tumekuja..." Dume akavuma kama bodaboda mbovu, akaizunguka taa, akashuka mbele ya macho ya koo mbili, akatua ndevuni.

Mzee hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alinyamaza tu, ameinua kidevu, macho yakitazama chini. Nikaenda kumtoa dume, na hapo ndipo aibu ilipokomaa, kwa sababu kucha za miguu yake sita hunasa, na kadiri unavyomvuta ndivyo anavyong'ang'ania, hata nikajikuta navuta kidevu cha mshenga wa watu huku dada yangu akinitazama kwa jicho ambalo ninaliota hadi leo. Njia sahihi ni kumshawishi ahame mwenyewe. Kwa hiyo, mbele ya wazee wote, nikaponda ndizi mbivu, nikampaka mzee shavuni. Samahani, mnaocheka, subirini. Dume akageuka. Akainua mguu mmoja, kisha mwingine, akapanda hadi karibu na pua, pumzi ya mzee ikamshtua, naye akafanya wafanyavyo wote wakiogopa: akarusha kinyesi cha majimaji, nacho kikaiteremkia kanzu.

Kanzu ilifuliwa, mzee akaazimwa ya baba mdogo ikamwishia magotini, posa ikakubaliwa, na mahari ikapunguzwa bila upande wetu kuthubutu kubisha. Shangazi ameamuru beseni lihamie kwa yule yule rafiki msambaza habari. Jana ameniuliza kwa nini majike wamejizika ndani ya mboji na hawaonekani. Mnaofuga mnajua kwamba wanataga mayai huko. Naomba asiambiwe na mtu.