Msalaba wa nani? Amani ya Kikristo na waliokwisha kupigwa

Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamegoma kula pale Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwavamia kwa virungu. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa pamoja nao, akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Wakakimbilia kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wafungwa wengi waliachiliwa.

Wanaofundisha kwamba Mkristo hupambana bila silaha wana haki ya kuwataja akina mama hao. Asiyerudisha kipigo lazima awe tayari kuumia, na bila msalaba utayari huo hukosa mzizi. Naikubali hoja hiyo.

Lakini wanatheolojia wanawake wanauliza shavu la pili linadaiwa kwa nani. Delores Williams, Mmarekani mweusi, alieleza mwaka 1993 kwamba kumtukuza Yesu kwa kuteseka badala ya wengine huwafanya wanawake waliobebeshwa mizigo ya wengine tangu utumwani waone mzigo huo ni mtakatifu. Tena John Howard Yoder, mwanatheolojia wa Kimenno (kanisa linalokataa vita) aliyesomwa kote kama mwalimu wa amani, aliwadhulumu kingono wanawake wengi, na kwa miaka mingi wakubwa wakalishughulikia jambo hilo kimyakimya. Amani iliyohubiriwa hivyo ilimlinda mpigaji.

Kwangu tofauti ni hii: akina mama wa Uhuru Park walichagua, walikuwa pamoja, na walitaka dhuluma ikome. Mke wa mtaa wa Kayole, Nairobi, anayerudishwa na wazee wa kanisa kwa mume anayempiga, aambiwe aombe na avumilie, hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kwa wapenzi wa jinsia moja mambo ni magumu zaidi. Bayard Rustin, aliyeandaa maandamano ya Washington ya kudai haki za Wamarekani weusi mwaka 1963, mara nyingi aliwekwa nyuma ya pazia kwa sababu aliwapenda wanaume. Hapa kwetu Kenya, Mahakama ya Juu iliporuhusu mwaka 2023 shirika la kuwatetea lisajiliwe, viongozi wengi wa dini walilaani.

Mchungaji anaweza kushikilia kwamba ndoa ni ya mume na mke. Huo ni mjadala wa imani, na sitarajii uishe karibuni. Kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai, kinachoharamisha ngono "kinyume cha maumbile", ni jambo jingine. Kinatishia kifungo cha miaka 14, na kifungo hutekelezwa kwa pingu na virungu. Kanisa linalokitetea limekwisha kuchagua nguvu, hata kama Jumapili linahubiri amani.