Acheni kuinadi gama kama hela ya bure

Inanikera kusikia mtu akimfundisha mwenzake kwamba ukinunua opsheni (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) na kukinga delta (kushika hisa za upande wa pili ili mwendo mdogo wa bei usikuguse), bei ikipanda unakula, ikishuka unakula. Sawa, unakula; hiyo ndiyo faida ya gama. Mbona bili haitajwi? Hiyo bili ndiyo inayomaliza akaunti za watu.

Chukua hisa ya dola 100 kwenye soko la Marekani. Umenunua mikataba 10 ya opsheni za kununua, bei ya utekelezaji (ile iliyopangwa) 100, zimebakiza siku 21 za soko, na mtikisiko uliomo kwenye bei ya opsheni (ukubwa wa misukosuko ya hisa ambao soko linautarajia) ni asilimia 32 kwa mwaka. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo una opsheni 1,000, na unauza hisa kama 518 za kukopa ili delta, yaani idadi ya hisa ambazo msimamo wako wote unafanana nazo, isimame sifuri. Gama yako ni takribani 43: bei ikipanda dola 1, delta inaongezeka hisa 43.

Bei ikapanda dola 2. Delta imefika 86, na hapo wengi wanazidisha 86 kwa 2 wanaandika 172. Hapana! Hisa hizo 86 hukuwa nazo tangu mwanzo; zilianzia sifuri zikaongezeka kidogo kidogo, wastani wake 43. Faida ni nusu ya gama mara mraba wa mwendo: 0.5 × 43 × 4, dola 86.

Theta ya siku hiyo, ile bili, yaani thamani ambayo opsheni zinapoteza kwa siku kupita? Kama dola 87. Hisa imetembea asilimia 2 nzima na wewe umetoka kapa. Gawanya 32 kwa kipeuo cha pili cha 252 (siku za soko kwa mwaka), yaani karibu 16, unapata asilimia 2: huo ndio mwendo wa siku uliokwisha kuulipia uliponunua.

Sasa shikeni hili, nawasihi: kinachojumlishwa ni miraba. Wiki yenye siku nne za dola 1 na siku moja ya dola 4 inaleta 86 na 344, jumla 430, dhidi ya theta ya karibu 435. Siku moja ndiyo iliyobeba wiki. Hata hiyo 344 imezidi kidogo, maana bei ikifika 104 gama imeshuka hadi kama 37. Na kama siku hiyo ulisawazisha delta (uliirudisha sifuri kwa kuuza au kununua hisa) kila dola 1 huku bei ikipanda moja kwa moja, hukupata 344; ulipata mara nne ya 21.5, dola 86. Ila bei ikipanda hadi 102 ikarudi 100, aliyesubiri jioni hana kitu, na aliyesawazisha kule juu ana 172. Haya, nakubali kwamba kusawazisha mara nyingi kunapunguza mtawanyiko wa matokeo. Faida ya wastani hakuiongezi kama bei haina mwelekeo.

Spredi ya hisa, yaani pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ni senti tu. Ya opsheni ndiyo inayouma: senti 5 kwa opsheni 1,000 ni dola 50.

Halafu vega, yaani jinsi thamani ya opsheni inavyobadilika mtikisiko uliomo ukibadilika. Mtikisiko wa opsheni ukishuka kutoka 32 hadi 31, unapoteza kama dola 115, zaidi ya theta ya siku nzima. Iwekeeni safu yake kwenye jedwali lenu la faida na hasara, mbali na ya gama, la sivyo mtaisifu kinga yenu siku ambayo vega ndiyo iliyolipa.