Pesa za mapazia zipo, za mpira wa petroli hazipo

Kombi yangu, ya Volkswagen, ni ya mwaka 1973. Ina paa la kuinuka, jiko dogo la gesi, na kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda. Kila kiangazi hapa Uingereza naipeleka kwenye mikusanyiko ya watu wenye ugonjwa kama wangu wa kupenda magari ya zamani, na huko nimeshasifiwa rangi, viti, hata mapazia niliyoshonewa kwa kitenge. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mipira ya petroli nilibadilisha lini. Nikiuliza mimi, jibu huwa lilelile: "Mbona iko sawa, nimeitazama."

Hilo la kuitazama ndilo linalonikera.

Naongelea ile mipira myembamba inayotoa petroli tangini, ikaipeleka kwenye pampu, kisha kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ukiiunganisha yote haifiki mbali, na bei yake haifikii bei ya tairi moja. Lakini fikiria inapopita. Kwenye Kombi za kizazi changu, zile za kioo kimoja kipana mbele zilizotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, tangi liko nyuma, mbele tu ya injini, limetenganishwa nayo kwa ukuta wa bati tu. Tena liko juu ya pampu. Mpira ukikatika huko chini, petroli haingoji kusukumwa. Inashuka yenyewe, hata ukiwa umezima gari na unachemsha chai. Inashukia kwenye injini ya moto, inayopozwa kwa upepo, yenye distributa, kile kifaa cha kugawa umeme kwenye plagi, inayorusha cheche. Na bloku ya injini kama yangu ni aloi ya magnesiamu. Magnesiamu ikishashika, maji yanauchochea moto badala ya kuuzima. Nimeshaona mabaki ya Kombi iliyoungua kando ya barabara kuu: mbele imebaki na umbo la gari, nyuma hakuna cha kuelezea.

Kosa langu mwenyewe nalisimulia bila kuona haya. Nilipoinunua niliambiwa gari la kizamani livishwe vitu vya kizamani, basi nikanunua mpira uliofumwa kwa uzi mweusi nje, kama ule ambao kiwanda kilikuwa kinafunga. Ulipendeza. Haikufika miaka mitatu, nikiwa njiani kwenda Devon, nikasikia harufu ya petroli kwenye kituo cha mapumziko. Nikafungua mlango wa injini. Mpira kati ya pampu na kabureta ulikuwa mweusi, safi, kama uliofungwa jana. Nilipoushika, uzi ulikuwa umelowa, na chini ya uzi mpira ulivunjika kama biskuti. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ule uzi uliofumwa haukuwa pambo tu, ulikuwa pazia la kufichia nyufa, na tangu siku hiyo sitaki kuuona kwenye gari langu. Wapenda asilia wanaoniambia nimeharibu mwonekano nawajibu kwamba mwonekano uko nyuma ya mlango uliofungwa.

Petroli yenyewe nayo imebadilika. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yaani ethanoli imepanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Ethanoli hula mipira ya zamani: mingine inavimba na kulainika, mingine inakakamaa na kupasuka. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba magari mengi ya zamani hayafai kutumia E10, na petroli ya E5, yenye ethanoli hadi asilimia 5 na bei ya juu zaidi, imebaki vituoni kwa ajili yetu. Mimi hutia E5, lakini siitegemei. Siku moja utaishiwa mafuta kijijini na utatia kilichopo.

Kwa hiyo nunua mpira wenye maandishi ya kiwango ubavuni: SAE J30 R9, wenye ngozi ya ndani ya fluoroelastoma, aina ya mpira inayohimili ethanoli. Ile iliyoandikwa R6 ni ya petroli ya enzi zile. Hata hivyo maandishi nayo yaangaliwe kwa jicho la pili, kwa sababu wenye magari ya zamani wamelalamika sana kuhusu mipira iliyoandikwa R9 na kupasuka mapema. Nunua kwa muuzaji atakayekubali umrudishie. Klampu, vile vibano vya kukazia mpira, pia: zile za bei rahisi zenye matundu hukata mpira kama msumeno ukizikaza. Tafuta za ukingo uliokunjwa, na ukaze hadi inaposhika, basi.

Kuna na lile chujio la plastiki ambalo watu hulining'iniza juu ya injini, katikati ya mpira, karibu na distributa, eti waone uchafu kwa urahisi. Uzito wake unautikisa mpira kilomita baada ya kilomita, na plastiki inapikwa. Litoe hapo. Lihamishie upande wa tangi, nje ya chumba cha injini. Ukiwa huko, kagua pia kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, kwa sababu kimechomekwa tu, na kwa uzee huanza kucheza hadi kikachomoka na mpira wake mpya kabisa.

Watu wengi hapa wanajiliwaza na sheria. Tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Watu wamelichukulia hilo kama cheti cha afya. Mimi bado naipeleka yangu kwa hiari, ila sijidanganyi: mkaguzi haruhusiwi kufungua kitu, na mpira uliojificha kati ya tangi na ukuta wa injini hatauona. Kwenye Kombi nyingi hata wewe huuoni vizuri mpaka ushushe injini. Ndiyo maana ikishuka kwa sababu yoyote, hata klachi tu, mipira yote ibadilishwe, pamoja na ule mnene wa kujazia na ile midogo ya kupumulia tangi. Midogo hiyo hujisahaulisha kwa sababu huvuja tu siku umejaza tangi hadi juu.

Mjomba wangu aliendesha Kombi ya watalii kutoka Mombasa hadi Tsavo miaka ya sabini. Baada ya mkasa wa Devon nilimpigia, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka kwanza.

"Sasa mwanangu, asubuhi huwa unainusa?"

"Naitazama, mjomba."

"Kutazama ni kwa mchana. Sisi asubuhi ilikuwa pua kwanza, ufunguo baadaye. Halafu unaukunja mpira kwa vidole. Mpira ukitoa mlio wa kupasuka, unatoka siku hiyohiyo."

Sasa ndivyo nifanyavyo, injini ikiwa baridi na betri imechomolewa. Mtungi wa kuzimia moto uko karibu na mlango wa dereva, si nyuma. Ndani ya mlango wa injini nimeandika kwa rangi nyeupe tarehe niliyofunga mipira, na kila mwaka wa tatu ukitimia naitoa, iwe inaonekana mizima au la. Mwaka jana mke wangu aliniuliza kwa nini natupa vitu vizima. Nikamkatia kipande, nikakipasua kwa urefu, nikampa akishike ndani. Alikwenda kunawa mikono bila kusema neno.