Hilo "huenda" lenu litatufilisi

Juzi saa nne usiku, taa nimeshazima, simu ikaanza kutetemeka kama ina homa. Kundi la chama. Mweka hazina wetu ametuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, nao kautoa kwa shemeji yake aliyeko Texas: kuna kampuni ya maduka Marekani, hisa zake zimeporomoka, na mzee aliyeianzisha "huenda" akatoa ofa ya kuinunua yote. Basi tuchomoe akiba ya chama tuingie haraka kabla bei haijapaa. Kabla sijafika dakika ya tatu, vidole gumba kumi na viwili vilikuwa vimeshainuliwa.

Nikauliza: ofa iko wapi? Nikajibiwa kwamba nina roho ya korosho.

Sawa. Ngoja niwasimulie, kwa sababu filamu hii nimeiona kuanzia mwanzo, tena nikiwa nimekaa kiti cha mbele.

Mwaka 2012 nilikuwa naishi Brooklyn Park, pembeni ya jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Makao makuu ya Best Buy, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki, yako Richfield, upande wa pili wa mji, na ilikuwa vigumu kukaa meza moja na watu watano asiwepo hata mmoja mwenye ndugu au jirani anayefanya kazi pale. Mwanzilishi, Richard Schulze, wenyeji walimsimulia kama babu yao. Alianza na kiduka cha redio na spika St. Paul mwaka 1966. Mwaka 1981 kimbunga kikabomoa duka lake la Roseville, naye badala ya kukaa kulia akaitoa bidhaa iliyosalia akaiuza kwa bei ya kutupa, watu wakafurika. Miaka miwili baadaye kampuni ikapewa jina la Best Buy. Kwa hadithi kama hiyo, nani atamtilia mashaka mzee?

Lakini 2012 mambo yalikuwa mabaya. Watu walikuwa wanaingia dukani, wanaipapasa televisheni, wanauliza maswali yote, kisha wanaenda kuiagiza Amazon. Mkurugenzi mkuu akaondoka Aprili kwa sababu ya uhusiano na mfanyakazi. Ikagundulika kwamba Schulze alilijua jambo hilo na hakuiambia bodi, naye akaachia uenyekiti. Agosti, huyo anarudi na barua: yuko tayari kununua kila hisa kwa dola 24 hadi 26. Ijumaa iliyotangulia hisa hiyo ilikuwa imefunga dola 17.64.

Asikwambie mtu. Jumatatu ile hata waliokuwa hawajui hisa ni mnyama gani walikuwa wanazungumzia hisa.

Sasa nisikilizeni hapa, nyinyi wa vidole gumba. Bei ya sokoni siku ile ilipanda hadi wapi? Kama dola 20 tu. Mtu mzima, tajiri, mwenye karibu hisa moja katika kila tano, anasema atalipa 24 kwenda juu, halafu soko zima linaishia 20! Kama watu wangeamini, nani angekuuzia kwa 20 kitu ambacho mwezi ujao kitanunuliwa kwa 24? Pengo lile la dola nne ndilo lililokuwa jibu. Lilikuwa linasema: mzee, tumekusikia, lakini pesa iko wapi? Maana ya kwake mwenyewe aliyosema ataweka ilikuwa kama dola bilioni moja, na kampuni kwa bei ile ilikuwa zaidi ya bilioni nane. Nyingine ilibidi itoke kwa mabenki na washirika ambao walikuwa hawajatia saini chochote, na kwa sheria za Minnesota alihitaji kwanza ruhusa ya bodi hata kuunda kundi nao. Ile barua ilikuwa posa bila mahari. Waliokimbilia kununua siku ile hawakununua kampuni. Walinunua neno "huenda" kwa bei ya rejareja.

Na "huenda" huoza haraka kuliko nyanya. Bodi ikamfungulia vitabu vya hesabu akague. Desemba tarehe ya mwisho ya kuleta ofa kamili ikasogezwa hadi mwisho wa Februari, na siku hiyohiyo hisa ikaanguka hadi kama dola 12. Februari ikaisha. Ofa hakuna. Machi 2013 mzee akarudi kwa amani, akapewa cheo cha heshima, picha zikapigwa. Aliyenunua kwa 20 alipewa nini? Picha pia, nadhani.

Kinachonichekesha hadi leo ni kilichofuata. Bodi ilikuwa imemleta Mfaransa, Hubert Joly, kutoka kampuni ya hoteli na safari, na watu wakamdharau kwamba hajawahi kuendesha duka. Akaamua duka lilinganishe bei na Amazon papo hapo, akapunguza gharama, akawapa Samsung sehemu yao ndani ya maduka. Hakuna aliyenitumia ujumbe wa sauti kuhusu hayo. Mwaka 2013 ulipoisha, hisa ilikuwa karibu dola 40. Sasa pigeni hesabu: kama mzee angefanikiwa kununua kwa 24 au hata 26, utamu wote ule ungekuwa wake na washirika wake, wanahisa wadogo wakachungulia dirishani. Hakuja kugawa sadaka. Aliyejenga nyumba anajua ni ukuta upi una nyufa na upi umepakwa rangi mbaya tu, na akirudi kuinunua amekuja kama mnunuzi.

Haya, nakubali kidogo, kwa shingo upande. Kuna wakati ofa hukataliwa na wadogo wakaumia. Mwaka 2018 familia ya Nordstrom, wenye maduka ya nguo Marekani, ilitaka kulipa dola 50 kwa hisa ya kampuni yao, kamati ya bodi ikasema ni ndogo. Mwaka 2025 familia hiyohiyo, pamoja na Liverpool, kampuni ya maduka ya Mexico, ikaichukua kampuni kwa dola 24.25. Inauma. Lakini zile zilikuwa ofa zenye bei moja iliyoandikwa, si uvumi wa shemeji. Na hapa kwetu Kenya, ofa ya kwanza ya kununua kampuni ya mkonge ya Rea Vipingo ilikuwa shilingi 40 kwa hisa. Centum, kampuni ya uwekezaji, walipoingia kushindana ikamalizikia 85. Aliyeharakishwa na ya kwanza anajijua.

Kikao ni Jumapili saa tisa, kwa mweka hazina. Nitauliza mawili tu: barua iko wapi, na bei ya sokoni leo iko chini ya hiyo bei mnayoitaja kwa kiasi gani? Akiba ile ni ya ada ya watoto Januari, msisahau. Na aliyeniita roho ya korosho, mandazi ya safari hii ni zamu yako.