Kupunga upepo: bahari na miti hututibu, au hutupumzisha tu?

Mzanzibari aliyechoshwa na siku yake husema anakwenda kupunga upepo, na jioni utamkuta Forodhani, Mizingani au Maisara, ameikabili bahari. Fundi wa uganga naye hupunga pepo, na sidhani kuwa ni bure lugha yetu kutumia kitenzi kimoja kwa mambo yote mawili: kwetu sisi, kukaa penye upepo kumekuwa karibu na uganga tangu zamani. Suala ni kama uganga huo upo kweli.

Wanaosema upo wana ushahidi wa kuanzia. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Waliolala karibu na dirisha lenye kuonesha miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa chache kali za maumivu kuliko wenzao waliotazamana na ukuta wa matofali. Mwaka 1991 yeye na wenzake waliwaonesha wanafunzi 120 filamu ya kutia hofu, kisha video za mandhari. Mapigo ya moyo na mkazo wa misuli vilitulia haraka zaidi kwa walioangalia miti na maji kuliko kwa walioangalia barabara za mjini.

Hata hivyo, ukuta mtupu ni mshindani dhaifu. Lau dirisha lile lingeelekea Darajani, penye watu, sauti na salamu, huenda mgonjwa naye angefarijika. Anayekwenda Forodhani hakai na bahari peke yake. Anakula urojo, anakutana na jamaa, anasikiliza habari za mtaa. Kutenganisha faida ya upepo na faida ya baraza ni kazi ngumu, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha watu wapatao 20,000 na kuonesha kuwa wanaotumia dakika 120 au zaidi kwa wiki katika maeneo ya asili hujieleza kuwa na hali njema, hauimalizi shaka hiyo, kwa sababu mwenye afya na nafasi ndiye pia mwepesi wa kutoka.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, linatoka Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja. Tangu mwaka 1989 wanawake wa huko wamekuwa wakilima mwani, na wakati wa bamvua huinama majini kwa saa nyingi wakifunga miche kwenye kamba, jua likiwa utosini. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani hufa, na mapato hufa nao. Mgeni anayepiga picha ufukweni anaiona bahari hiyo hiyo kuwa ni utulivu. Kwa mama mkulima wa mwani ni deni, ada ya skuli na maumivu ya mgongo. Utamwambiaje mtu kwamba akatulize moyo pale pale moyo wake ulipochokea?

Lakini nikilipima vizuri, naona pingamizi hili linatufundisha zaidi ya linavyokanusha. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza kuwa mandhari ya asili huipumzisha akili kwa sababu huvuta macho bila kuyalazimisha, na kwa sababu humtoa mtu katika shughuli zake. Mkulima wa mwani akiwa majini hajatoka popote. Huenda utulivu wake uko chini ya mwembe wa uani, alasiri, mikono ikiwa haina kazi.

Kwa hiyo nakubali kwamba maumbile hutuliza, ila kwa sharti la ukaribu na wasaa. Msitu wa Jozani, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, ni hazina, lakini mkaazi wa Jang'ombe hawezi kulipa nauli ya kwenda huko kila moyo unapomlemea. Dakika 120 kwa wiki ni kama dakika 17 kwa siku, na hizo zinapatikana tu ikiwa mti uko mtaani na njia ya pwani haikuzibwa na ukuta wa hoteli. Wala kivuli hakichukui nafasi ya daktari: aliyezidiwa na sonona anahitaji hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu kabla ya Forodhani. Ila akishalazwa, ningependa dirisha la wodi yake lielekee kwenye mti.