Jaji Aliyeacha Kiti Akaenda Kufundisha

Mwaka 1937 Rais Roosevelt alimteua William Hastie kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho katika Visiwa vya Virgin. Hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kushika ujaji wa shirikisho kabla yake. Miaka miwili baadaye akajiuzulu, akarudi Washington kuwa mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard.

Kwangu mimi, huo ndio uamuzi mkubwa kuliko hukumu zake zote. Vyuo vya majimbo ya Kusini vilikuwa vimewafungia milango weusi waliotaka kusoma sheria, na Howard ndiko walikonolewa mawakili wa kuupinga ubaguzi mahakamani. Hastie alikuwa amefundisha hapo tangu 1930, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Thurgood Marshall.

Mwaka 1944 mwalimu na mwanafunzi, wakiwa mawakili, walishinda kesi pamoja katika Mahakama Kuu ya Marekani. Huko Texas, kura za mchujo za chama cha Democratic zilikuwa za weupe tu. Chama hicho ndicho kilichotawala, kwa hiyo aliyepita mchujo alikuwa kama ameshashinda; mweusi aliyeruhusiwa kupiga kura ya mwisho alikuta mambo yameshaamuliwa. Majaji wanane dhidi ya mmoja wakaufuta utaratibu huo.

Kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Hastie alikuwa mshauri wa Waziri wa Vita, Henry Stimson. Jeshi lilipoendelea kuwatenga askari weusi hata katika mafunzo ya urubani, Januari 1943 alijiuzulu na kutangaza sababu hadharani. Cheo kisichobadilisha kitu hakukihitaji, na hapo namheshimu mno.

Ujaji ulimrudia. Rais Truman alimteua mwaka 1949 katika mahakama ya rufaa ya Philadelphia, na kati ya 1968 na 1971 alikuwa jaji kiongozi wake.

Lakini mwaka 1962, nafasi ilipopatikana Mahakama Kuu, jina lake lilifika mezani kwa Rais Kennedy, kisha akateuliwa Byron White. Marshall aliingia mahakama hiyo 1967. Wengine huona inatosha kwamba mwanafunzi alifika. Mimi haijanitosha: Hastie mwenyewe alistahili kiti kile, na Marekani ilimnyima.